Anastazia na Dumu la Mchanga

Zamani mwanamke wa Sepuka hakunyanyua mzigo peke yake, kwa sababu daima palikuwa na mwenzake wa kumtwisha. Siku hizi mwanamke wa Sepuka anafunga mlango wa chumba chake na kujifunza kunyanyua, huku akihesabu kama askari wa kambini.

Ninayemsema ni Anastazia, mke wa Gaspari, jirani yangu wa upande wa magharibi. Kati ya ua wake na wangu palikuwa na uzio wa minyaa tu, na kila kilichosemwa upande mmoja kwa sauti ya kawaida kilisikika upande wa pili. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mrefu, mwembamba, shingo imenyooka kwa sababu ya madumu ya maji aliyoyabeba tangu utotoni. Hakuwa msemaji. Alilima ekari mbili za alizeti na moja ya uwele, akafuga kuku, na Jumapili alikaa benchi la nyuma kanisani. Watu wa namna hiyo hawaandikwi popote, na ndiyo sababu naandika mimi, niliyeishia darasa la nne na mengine nikajisomea.

Gaspari mumewe alikuwa mtu mkubwa, wa kilo tisini, kazi yake kupakia magunia ya alizeti kwenye malori wakati wa mavuno. Mwezi wa saba wa mwaka juzi alikuwa juu kabisa ya shehena, akakanyaga gunia ambalo halijafungwa, likateleza naye. Alianguka chali. Miguu ikafa palepale, ingawa mikono ilibaki mizima. Alilazwa miezi miwili hospitalini Singida mjini, akarudishwa na kiti cha magurudumu na karatasi ya maelekezo. Asubuhi atolewe kitandani akalishwe kwenye kiti, jioni arudishwe, ngozi isioze.

Wiki ya kwanza tulikuja wanaume tisa. Tulishika shuka pembe nne, wengine wakashika miguu, tukamhamisha huku tukitaniana kwamba sasa yeye ndiye gunia. Alicheka. Mkewe alitupa uji. Wiki ya pili tulikuwa sita. Mwezi wa kumi tukawa watatu, na mvua za kwanza ziliponyesha kila mtu alikumbuka shamba lake. Wakati wa baba yangu, aliyeitwa kwenye kazi ya jirani asiende, shamba lake halikupaliliwa na mtu, na pombe ya mtama ilipopikwa hakuitwa. Hayo yamekwisha. Sasa kuna simu, kuna kibarua, kuna kila mtu na mlango wake.

Nami nilikuwa mmoja wao. Sikuumwa wala sikusafiri. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja nilimsikia Anastazia akibisha hodi kwenye uzio, mara ya kwanza, mara ya pili, nikajifanya bado nimelala. Mke wangu Raheli alikuwa ameketi jikoni mlango wazi. Alinitazama, akaenda yeye. Lakini Raheli ni mwanamke wa miaka sitini na mbili. Wao wawili walimgeuza Gaspari upande wa pili, basi. Kumtoa kitandani hawakuweza.

Kufikia Krismasi alikuwa na kidonda kwenye nyonga, cha kulalia upande mmoja. Kilitoa harufu. Gaspari aliacha kuzungumza, akalala akitazama ukuta.

Habari zilimfikia kaka yake mkubwa, Gerald, aliyehamia Kinyangiri zamani akapata mashamba na ng'ombe. Alikuja mwezi wa kwanza. Aliniita mimi niwe shahidi, kwa kuwa ni mtu mzima wa jirani, tukakaa chumbani alimolala mgonjwa, Anastazia akiwa amesimama mlangoni. Gerald si mtu mbaya. Alisema bila ukali kwamba yeye ana vijana wawili wakubwa, wenye nguvu za kumnyanyua mtu kama mtoto, na kwamba ndugu yake ataoza akibaki hapa. Angemchukua Kinyangiri. Anastazia angebaki kuangalia nyumba na shamba, angekwenda kumsalimia.

Kutoka Sepuka hadi Kinyangiri ni magari mawili na siku nzima. Sote tulijua kusalimia huko kungekuwa mara ngapi kwa mwaka. Na tulijua, bila mtu kulisema, kwamba Gaspari akitolewa humo ndani kwa hali ile ya kugeukia ukuta, angerudi amelala kwenye sanduku.

Anastazia alisema, "Shemeji, kinachowashinda ni kumnyanyua tu?"

Gerald akajibu kwamba ndicho hicho. Kupika na kuosha anajua shemeji yake anaviweza.

"Basi nipeni mpaka alizeti iingie ndani. Mkija mkakuta simnyanyui, mchukueni. Sitalia mbele yenu."

Nilisema, na sijifichi, kwamba mwanamke si maksai. Gerald alifikiri kidogo, akakubali. Mwezi wa sita atakuja na gari. Gaspari hakugeuka kutoka ukutani, lakini alisikia.

Nilidhani amesema hivyo ili kupata siku za kuzoea. Kumbe alikuwa na jambo. Wiki iliyofuata walikwenda mjini kuosha kidonda, na huko hospitalini palikuwa na binti anayeitwa Rukaiya, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, umri wa kuwa mtoto wake. Anastazia alimwamkua yeye kwanza, kama mtu anayekwenda kuomba, akamuuliza mtu mmoja anawezaje kumnyanyua mtu mzima. Rukaiya alimwambia aketi kwenye benchi, akunje mikono kifuani, ainuke bila kushika kitu, aketi tena, ainuke tena. Anastazia aliinuka mara sita. Mara ya saba magoti yalitetemeka, akakaa. Aliona aibu, maana alikuwa mkulima, na wagonjwa wengine walikuwa wanatazama.

"Mama, kubeba unajua sana, shingo yako inaonyesha," Rukaiya alimwambia. "Kunyanyua hujui. Maisha yako yote kuna mtu amekutwisha."

Haya aliyasimulia kwa Raheli, na Raheli akanisimulia mimi. Nililifikiria neno hilo siku nzima. Ni kweli. Pale kwenye kisima cha zamani mama zetu walitwishana. Mmoja anashika upande huu, mwenzake upande ule, dumu au mtungi unapanda kichwani, wa mwisho anatwishwa na mpita njia. Hakuna aliyetoa mzigo chini hadi kichwani kwa mikono yake miwili. Tuliliona jambo dogo, kumbe nusu ya nguvu zao ilikuwa kwenye mikono ya mwingine.

Rukaiya alimwandikia karatasi. Siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kuketi na kuinuka mara kumi, kupumzika, kurudia, mizunguko mitatu. Kusukuma ukuta kwa viganja, mwili umenyooka. Kutoa dumu dogo la lita tano chini, mgongo ukiwa bapa, kiuno kikirudi nyuma na magoti yakikunjwa. Kila wiki kuongeza kidogo. Siku zilizobaki asifanye kitu, na hilo alilirudia mara mbili: kupumzika ni sehemu ya kazi.

Nilicheka nilipoambiwa. Mwanamke aliyeamka saa kumi na moja kila siku ya maisha yake, anayelima kwa jembe la mkono, anaambiwa apumzike ili apate nguvu. Bibi zetu walisaga uwele kwenye jiwe tangu alfajiri, wakapiga magoti mbele ya lile jiwe kila siku, mabega yao yakawa kama ya vijana. Hakuna aliyewaandikia karatasi. Ilikuja mashine ya kusaga, ikaja bodaboda ya kubeba maji, mabega yakaenda, na sasa tunayatafuta hospitalini.

Anastazia alianza mwezi wa pili. Alifunga mlango kwa sababu khanga ilimsumbua kuchuchumaa, akavaa traki ya Gaspari, suruali ya bluu yenye mistari, ameikunja kiunoni. Agnes, anayekaa nyuma ya nyumba yao, alikuwa wa kwanza kusikia. Alisikia kuhesabu, kishindo, pumzi nzito, kisha kimya, kisha kuhesabu tena. Akaja kwangu na uso wa mtu aliyebeba habari. Akasema jirani yangu amepewa kitu mjini, anamfanyia mgonjwa mambo mlango ukiwa umefungwa, na anavaa suruali. Raheli alimuuliza kati ya hayo matatu ni lipi linamuuma zaidi. Agnes akasema suruali.

Sasa nitasema kosa la Anastazia, nalo si la ujinga. Ni kosa ambalo mwanamke yeyote wa hapa angelifanya.

Dumu la lita tano lilimdhalilisha. Hilo ni la mtoto wa darasa la pili. Yeye tangu ana miaka kumi na mmoja alibeba dumu la lita ishirini, na kwake dumu ni dumu. Wiki ya pili aliliacha lile dogo, akachukua la ishirini, akalijaza mchanga wa korongoni mpaka mdomoni, kwa kuwa maji yangemwagika chumbani. Hakujua, na hata mimi sikuwa nimewahi kufikiri, kwamba mchanga ni mzito kuliko maji kwa nusu nzima na zaidi. Tena siku ya kupumzika aliiona ni uvivu ulioandikwa kwenye karatasi. Akafanya kila siku. Jumapili akafanya baada ya misa. Na aliinama kama tunavyoinama sote hapa tukilima na kupalilia, miguu imenyooka kama vijiti, mgongo umepinda kama upinde.

Jumatatu ya wiki ya tatu mgongo ulishika. Dumu lilikuwa limetoka chini kiasi cha kiganja. Alilegea taratibu, akalala sakafuni pembeni mwa kitanda cha mumewe, asiweze kugeuka.

Walikaa hivyo toka asubuhi hadi Raheli alipokwenda na mboga saa saba mchana. Mmoja kitandani, mmoja chini, maji yako kwenye ndoo mlangoni na hakuna wa kumpa mwenzake. Raheli anasema alipoingia alisikia sauti ya Gaspari, ambayo haikusikika tangu Krismasi.

"Sasa tuko wawili," alikuwa anamwambia mkewe. Alicheka kidogo, kisha akaugeukia ukuta tena.

Jioni hiyo nilichukua simu nimpigie Gerald. Niliona ni kumdanganya mtu kukaa kimya. Alizeti bado ilikuwa kijani shambani, lakini jibu lilikuwa limepatikana. Raheli alikuwa anachagua mchele kwenye ungo.

"Mpigie," akasema. "Na umwambie pia kwamba ile asubuhi ulikuwa umelala."

Niliiweka simu chini. Tumeishi miaka arobaini na mmoja na mwanamke huyu, na hilo ndilo neno pekee alilowahi kunirushia kuhusu jambo lile.

Anastazia aliinuka siku ya nne, akitembea kwa kushika ukuta. Alimpigia Rukaiya, akamwambia ukweli wote, hata la Jumapili. Yule binti hakumgombeza. Alimwambia akae wiki mbili akitembea tu, kisha aanze upya na dumu la lita tano, nusu. Nusu dumu. Raheli anasema Anastazia alikata simu akakaa muda mrefu akilitazama lile dumu dogo kama mtu aliyetukanwa na mtoto.

Alianza upya mwezi wa tatu. Mara hii kazi ngumu haikuwa uzito, ilikuwa kuinama. Mtu aliyeinama namna moja kwa miaka arobaini anafundishwa kuinama upya. Rukaiya alimwambia atafute fimbo iliyonyooka, aishike mgongoni, iguse kisogo, katikati ya mgongo na chini kiunoni, ainame bila fimbo kuachana na sehemu yoyote. Alichukua mpini wa jembe. Nilimwona uani kwake asubuhi moja, sikuwa nachungulia, uzio ulikuwa na pengo. Anarudisha makalio nyuma, anakunja magoti, anashuka, mpini mgongoni, midomo inahesabu. Alinikuta nikitazama.

"Shikamoo mzee," akasema palepale alipoinama, hakunyooka.

Niliitika marahaba nikaondoka. Nilisikia vibaya, na mpaka leo sijui kama ni kwa ajili yake au kwa ajili ya lile jembe lililong'olewa mpini.

Mwezi wa nne dumu dogo lilijaa. Alifanya siku tatu na kupumzika nne, ingawa Raheli anasema siku za kupumzika alikuwa kama mtu anayefunga, anazungukazunguka uani akitafuta cha kufanya. Mwezi wa tano lilikuja lile dumu la lita ishirini, lakini robo, kisha nusu. Alichoka. Usidhani alikuwa akichangamka kama wasichana wa video za mazoezi kwenye simu. Alipalilia, alipika, aliosha kidonda, alimgeuza mtu kila baada ya saa chache, na juu ya hayo alihesabu kumi, mara tatu. Macho yaliingia ndani. Siku nyingine Raheli alimkuta ameketi kwenye benchi baada ya mzunguko wa pili, mikono magotini, anaukodolea macho ukuta, na ule wa tatu aliufanya nusu saa baadaye. Ila aliufanya.

Mchanga ulipokuwa hautoshi kumfundisha kunyanyua mtu, Raheli alijitolea kuwa mzigo. Aliketi kitandani miguu ikining'inia, Anastazia akamfunga khanga kiunoni apate pa kushika, akamnyanyua, akamzungusha, akamkalisha kwenye kiti. Mke wangu ni mwepesi, kwa hiyo wakamwekea ndoo ya mahindi mapajani.

"Polepole," Raheli alilalamika. "Mimi si gunia la mashudu."

Gaspari, kutoka kitandani, akasema gunia la mashudu lina nafuu, halisemi.

Wanawake wale walicheka hadi ndoo ikamwagika. Nilisikia kicheko kile kutoka kwangu na sikukitambua.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo nguvu za Anastazia hazikulifikia. Rukaiya alikuwa ameeleza kwamba kumnyanyua mtu ni kazi ya wawili. Anayenyanyua anazuia magoti ya mgonjwa kwa magoti yake, anashika khanga ya kiunoni. Anayenyanyuliwa anaegemea mbele, anamkumbatia mwenzake mgongoni kwa mikono yote, wanahesabu pamoja. Bila hivyo kilo tisini zinabaki kilo tisini. Na Gaspari hakushika. Mikono yake mizima aliilaza godoroni, akaegemea nyuma, akawa mzito kuliko alivyokuwa.

Mtu wa mjini hataelewa. Kwetu mwanaume hamkumbatii mkewe mbele ya macho ya mtu. Hata akitoka safari ya mwaka, anapewa maji, anauliza habari za mifugo. Hakuna mtoto wangu aliyewahi kuuona mkono wangu begani mwa Raheli. Siwezi kukuambia kama ni vizuri au vibaya. Ndivyo tulivyokuwa, na Gaspari alikuwa wetu. Kubebwa na wanaume tisa hakukumwondolea kitu. Kubebwa na mkewe, tena akiwa amemkumbatia kama mtoto, kulimwondolea kile kidogo kilichobaki.

Mwisho wa mwezi wa tano, mlango ukiwa umefungwa na hata Raheli akiwa hayupo, alimshika. Anastazia alimwambia Raheli kesho yake, kwa maneno machache sana, kwamba jana amekaa kwenye kiti. Kuanzia hapo alikaa kila asubuhi. Kidonda kilianza kukauka pembeni. Lakini ilikuwa lazima mlango ufungwe, na mtu akibisha hodi wakati huo, mikono ya Gaspari ilianguka.

Gerald alikuja wiki ya tatu ya mwezi wa sita. Magunia ya alizeti yalikuwa ndani, saba, yamepangwa sebuleni. Alikuja na gari la kukodi na vijana wake wawili, wameleta godoro la kumlazia njiani. Nikaitwa kama shahidi. Raheli alikuja bila kuitwa.

Anastazia alivaa khanga juu ya ile traki. Alimsalimia kila mmoja kwa zamu yake, kisha akaanza kazi kama mtu anayepika. Aliweka kiti mshazari pembeni mwa kitanda, akazuia magurudumu kwa matofali mawili. Alimkalisha mumewe ukingoni, akamfunga khanga kiunoni, akaweka miguu yake kati ya miguu ya mumewe, goti kwa goti.

"Baba Jesca, nishike," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Gaspari alimtazama kaka yake. Mikono ilibaki godoroni.

Akajaribu hivyohivyo. Niliuona mgongo wake ukiwa bapa kama meza, mapaja yakitetemeka ndani ya suruali, na yule mtu mkubwa akatoka kitandani kiasi cha shubiri. Hapo kazi ikasimama. Hakupanda wala hakushuka. Kisha Anastazia akamrudisha chini, taratibu, bila kumwangusha. Mimi niliyepakia magunia ujanani najua kwamba kushusha hivyo ni kugumu kuliko kupandisha, lakini sikufungua mdomo.

"Inatosha, shemeji," Gerald alisema kwa upole. "Umejitahidi, tumeona." Akawaonyesha vijana kwa kidevu, nao wakaingia na blanketi.

"Sijamaliza," Anastazia akasema bila kugeuka. Kisha akamwambia mumewe, chinichini, lakini chumba ni kidogo na sote tulisikia: "Hawa wanaondoka jioni, Baba Jesca. Atakayebaki na wewe ni mimi. Nishike."

"Kaka yupo," Gaspari akasema.

"Namwona."

Nje kijana wa gari alikuwa anafungua boneti. Gaspari alikuwa anatokwa na jasho usoni kama aliyefanya kazi yeye. Mwishowe akanyanyua uso.

"Kaka," akasema, "kama huwezi kutazama, geuka."

Gerald alisimama kama aliyepigwa. Halafu, mtu mzima yule, mwenye ng'ombe zaidi ya arobaini, akageuka akaelekea ukutani, karibu na kalenda. Vijana wake wakageuka pia. Mimi hakuna aliyeniambia kitu, nikatazama vidole vya miguu yangu. Nilisikia moja, mbili, tatu, sauti mbili zikihesabu pamoja, ya mwanamume imekwaruza. Kisha pumzi. Kisha kiti kikatoa mlio.

Nilipotazama, Gaspari alikuwa amekaa kwenye kiti. Mikono yake ilikuwa bado mgongoni mwa mkewe, na uso wake ulikuwa begani kwake. Alikawia kumwachia.

"Tayari?" Gerald akauliza ukutani.

Raheli akatoka kwenda kukamata kuku.

Walichinjiwa kuku, wakala, wakaondoka na godoro lao tupu. Gerald alishika neno lake, hakutafuta pa kulipindisha. Ila kabla ya kupanda gari alinivuta pembeni ya minyaa.

"Mzee Antipasi," akasema, "ninyi watu wa Sepuka mlikuwa wapi?"

Nilimwambia mvua zilikuwa nyingi. Alinitazama kidogo, akaniaga kwa heshima, akapanda.

Siwezi kuwapamba. Gaspari hakutembea na hatatembea. Anastazia hakuwa kijana tena. Alipata nguvu na alizeeka kwa pamoja, mwaka uleule. Kidonda kilifunga mwezi wa nane. Mwezi wa tisa mtoto wao Jesca, aliyetoka chuoni akapata kazi ya ualimu Mitundu, alipewa nyumba yenye sakafu ya saruji ambapo kiti cha magurudumu kinapita, si kama mchanga wetu huu, akawaita wote wawili. Waliondoka siku ambayo mimi nilikuwa Ikungi kwenye msiba. Nilikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Agnes akanieleza nani alibeba nini, nami sikumsikiliza vizuri. Ua ule sasa umeota magugu, na hakuna anayekaa humo.

Mara ya mwisho niliwaona siku mbili kabla ya hapo, Alhamisi, saa nane mchana. Raheli alinituma na bakuli la mlenda. Nilipita penye pengo la uzio, nikiwa tayari kubisha hodi. Gaspari alikuwa kivulini kwenye kiti chake, shati safi, fimbo ndefu mkononi. Mkewe alikuwa amelala chini kwenye mkeka pembeni ya magurudumu, na ile traki, mdomo wazi kidogo, usingizi wa mtu aliyeanguka. Kuku walikuwa wakimsogelea miguuni, naye Gaspari aliwafukuza kwa ncha ya fimbo, mmoja mmoja, bila sauti. Aliponiona aliweka kidole mdomoni. Niliweka bakuli juu ya kinu, nikarudi kwa hatua za polepole.